Nasaha kwa Vijana Wanaoingia Mita 160

Wanangu, nimesikia mmefaulu mtihani na leseni zimeshatoka. Sasa mnataka kushuka kutoka mita 20 na mita 15, bendi za mchana, mwende mita 80 na mita 160, ambako mawimbi ni marefu, kelele ni nyingi na mawasiliano ya mbali hupatikana usiku tu. Nimefurahi sana. Wengi wetu tuliozeeka katika redio ya ridhaa tunaona huko ndiko iliko raha yake halisi. Lakini kabla hamjapandisha waya juu ya mnazi, nipeni sikio kidogo, maana kwenye bendi hizo adabu ina uzito kuliko vifaa.

Kwanza jijueni nyinyi ni nani. Vitabu vingi vya adabu za mawasiliano ya mbali vimeandikiwa mtu wa Ulaya au Marekani anayetafuta stesheni adimu. Visomeni, ila mjue kwamba stesheni adimu inayotafutwa humo ni nyinyi. Wanaredio wa dunia wameigawa ramani katika zoni 40, na zoni ya 37 imechukua Tanzania, Kenya, Uganda, Ethiopia, Somalia, Malawi, Msumbiji na jirani zao wachache. Anayetaka cheti cha zoni zote kwenye mita 160 hana budi awasiliane na mtu wa kwetu, na usiku mwingi huku hakuna hata mmoja anayerusha. Wako watu wazima Ohio na Osaka ambao kwa miaka wamekuwa wakiingoja alama ya wito inayoanza na 5H ya Tanzania au 5Z ya Kenya. Siku mtakapobonyeza CQ yenu ya kwanza, yaani wito kwa yeyote anayesikia, pale kilohezi 1826, watakaojibu watakuwa wengi kuliko mtakaoweza kuwasikia. Kwa hiyo nasaha yangu kubwa ni ya mwenyeji mwenye wageni wengi na muda mfupi: sikiliza kuliko unavyosema, na muda mpe yule ambaye hana mwingine.

Muda huo unabanwa na jua. Mchana, tabaka la chini la ionosfia, lililo kati ya kilomita 60 na 90 juu ya vichwa vyetu, hunyonya mawimbi marefu hata yasifike popote. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, mawimbi yakapanda hadi tabaka za juu na kurudishwa ardhini mbali kabisa. Mita 160 huhitaji giza huku, giza kule na giza njiani. Karibu na ikweta, jua huchomoza mwaka mzima saa 12 asubuhi na dakika kadhaa, na huzama saa 12 jioni na dakika kadhaa. Kwa UTC, saa inayotumika kwenye daftari la kila mwanaredio duniani, ni kama 0315 na 1530.

Sasa pimeni wenyewe. Ulaya ya majira ya baridi huingia gizani karibu wakati mmoja na sisi na hubaki gizani hadi jua letu lichomoze, kwa hiyo Mjerumani au Mwitaliano ana usiku mzima wa kuwapata. Japani, jua la Desemba huchomoza kama 2150 UTC, yaani saa 7 kasoro dakika 10 usiku kwetu, na baada ya hapo wamekwisha. Mashariki ya Marekani huingia gizani kati ya saa 6 na saa 7 usiku wetu, na mara nyingi ishara zao hukua kadiri alfajiri yetu inavyokaribia, zikawa na nguvu kuliko zote dakika chache kabla au baada ya jua kuchomoza, kisha zikapotea. California ina saa mbili na ushee tu za giza la pamoja nasi mwezi wa Desemba, na mwezi wa Juni karibu haina kabisa. Tena huku kwetu jua hupanda wima, mapambazuko ni mafupi, na dakika zile nzuri hupita upesi kuliko kwa watu wa kaskazini. Mtu akiwapotezea dakika tano za alfajiri kwa upuuzi, amempotezea mtu wa upande wa pili wa dunia msimu mzima.

Ndiyo maana nasema kusikiliza ndiyo adabu ya kwanza. Desemba 1921, wanaredio wa ridhaa wa Marekani walipotaka kujua kama ishara zao zinavuka Atlantiki, hawakupeleka Ulaya mtambo mkubwa wa kurushia. Walimpeleka msikilizaji, Paul Godley, akajenga kambi kwenye hema karibu na bahari huko Ardrossan, Uskoti, kwenye baridi na upepo, akavuta waya wa mamia ya mita chini chini juu ya nguzo fupi. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Akaisikia stesheni 1BCG ya Greenwich, Connecticut, kwenye wimbi la mita 230 hivi, na akaupokea ujumbe wake mzima. Waya ule, unaoitwa Beverage kwa jina la Harold Beverage aliyeubuni, bado ni mfalme wa kusikilizia kwenye mita 160 hadi leo. Unataka urefu wa mita 160 au zaidi, kimo cha mita 2 au 3 tu, na uelekee kule unakotaka kusikia. Aliye Tanga jirani na shamba la mkonge ana bahati isiyo na mfano, bora aende kwa mwenye shamba kwa heshima, amweleze, apewe ruhusa, na asiache waya njiani ukamkwaza mtu au mnyama.

Huku kwetu kusikiliza ni kazi ngumu kuliko kwao. Ziwa Victoria na mashariki ya Congo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kabisa duniani, na kila radi inayopiga huko inasikika kwenye mita 160 kama kitambaa kinachochanwa sikioni mwako. Mtu wa Ulaya kaskazini, usiku wa baridi kali, ana bendi tulivu, anakusikia vizuri tu. Wewe umezama kwenye makelele. Yeye anaita, anaita tena, wewe unarusha CQ juu yake kwa sababu humsikii. Wanaredio wana jina la stesheni ya namna hiyo: wanaiita mamba, mdomo mkubwa na masikio madogo. Hawamaanishi sifa. Kwa hiyo usiku ambao masika yamechachamaa na unajua huwezi kupokea, zima, kalale. Kurusha CQ kwa nguvu usiku ambao huwezi kusikia jibu ni kuwakeshesha watu bure, nao kesho wana kazi.

Kuna na kelele za nyumbani: chaja za simu za bei rahisi, taa za LED, inveta za sola. Anzeni kwenu. Zimeni kifaa kimoja kimoja mkisikiliza, mtamjua mkosaji. Ikiwa kelele inatoka kwa jirani, msiende na lawama. Nendeni kumjulia hali, mwombeni mjaribu kuichomoa chaja kwa dakika moja, na ikiwa ndiyo yenyewe mnunulieni nyingine iliyo bora. Jirani aliyefanyiwa hivyo huwa mlinzi wa antena yenu.

Mkishasikiliza, pigeni hodi. Mtu haingii nyumba ya mwenzake kwa sababu tu hakusikia sauti ndani. Kwenye Morse hodi yetu ni QRL na alama ya kuuliza, yaani, masafa haya yana mtu? Bonyezeni mara moja, ngojeni, bonyezeni tena, ngojeni. Kwenye bendi za chini kungoja huku kuna sababu: wawili wanaweza kuwa wanazungumza, na yule anayerusha wakati huo ni wa mbali mno hamumsikii, ila mwenzake mtamsikia zamu yake ikifika. Na kurekebisha antena kusifanywe juu ya masafa ya watu. Tumieni mzigo bandia usiorusha hewani, au sogeeni kando mahali palipo wazi, kwa nguvu ndogo, upesi.

Pa kukaa pamepangwa. Katika kanda yetu, yaani Kanda ya Kwanza ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, mita 160 kwa kawaida ni kilohezi 1810 hadi 1850. Hadi 1838 ni pa Morse, na pale 1840 wapo watu wa FT8, mawasiliano ya kompyuta. Kwenye mita 80, kilohezi 3500 hadi 3510 zimetengwa kwa Morse ya mabara ya mbali, na 3775 hadi 3800 kwa sauti ya mabara ya mbali. Kama ni gumzo la Arusha na Dodoma, msikae humo. Masharti yaliyoandikwa kwenye leseni yenu ndiyo yanayotawala kuliko mpango wowote wa kimataifa, yasomeni neno kwa neno.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Tuseme ni wewe, mdogo kuliko wote hapa, na ni alfajiri ya Januari pwani ya Tanga. Imebaki nusu saa jua lichomoze. Umerusha CQ kwenye 1826, na ukasema UP, yaani unasikiliza juu kidogo, kilohezi 1 au 2 kutoka hapo ulipo. Umefanya vyema. Ukisikiliza hapo hapo unaporusha, watu mia watakuita juu ya masafa yako, na atakayejibiwa hatajua kwamba ni yeye, kwa sababu wenzake wamekufunika. Ukiwatenga, wao wanasikia wewe tu, na wewe unasikia wao tu. Lakini usiwatandaze kilohezi 10. Mita 160 ni nyembamba, na kuna wengine wanaoihitaji.

Umesogeza sikio juu. Unasikia uji wa ishara. Ndani yake, kwa mbali, herufi K na namba 8, kisha radi ikapasuka, basi. Tuma: K8 na alama ya kuuliza. Nyamaza. Hapo ndipo utakapopimwa, maana Mwitaliano mmoja mwenye antena kubwa, ishara yake ikijaa masikio, naye atajibu. Alama yake haina K wala 8. Usimjibu. Tuma tena, K8 na alama ya kuuliza, kwa mwendo ule ule, bila hasira. Akirudia, usimjibu tena. Ukimjibu mara moja tu ili akuondokee, wote wanaosikiliza wamejifunza kwamba kwako anayepiga kelele ndiye anayepewa, na kuanzia dakika hiyo hutakuwa na utaratibu mpaka jua litoke. Ukishikilia, mara ya tatu utamsikia wa Ohio peke yake, dhaifu, anapanda na kushuka, akiituma alama yake mara mbili.

Umepata herufi zote isipokuwa ya mwisho. Usibahatishe. Tuma ulichonacho na alama ya kuuliza, aikamilishe. Akizama, ngoja. Kwenye mita 160 ishara hufifia taratibu na hurudi taratibu, na pengine itachukua dakika nzima. Akirudi, tuma alama yake yote, herufi kwa herufi, kisha 5NN, ambayo ndiyo ripoti yetu ya kawaida. Umtaje mzima, maana anahitaji kuisikia alama yake nzima kutoka kwako ili ajue ni yeye aliyeandikwa na si mwenye alama inayofanana na yake. Naye atatuma R, na 5NN, na asante. Malizia kwa TU, yaani asante, na alama yako, ili waliofika sasa hivi wajue wanamwita nani. Huo ndio mwisho. Kilomita zaidi ya 12,000, na mambo yamekwisha ndani ya dakika mbili.

Najua itawawia vigumu. Sisi tumelelewa kwamba salamu ni ndefu, kwamba humwachi mtu kabla hujamuuliza habari za nyumbani, watoto na kazi. Kwenye mita 80 usiku wa manane, bendi ikiwa tupu, mzungumzeni mtu saa nzima, mwulizeni na hali ya hewa. Alfajiri ile, huku wengine thelathini wanangoja na jua linapanda, anayezungumza kwa kirefu amewanyima wale thelathini. Ufupi ndio heshima yenyewe, na mwenzako wa Ohio anaijua.

Kuna na suala la kuwagawia watu wakati. Ulaya wana usiku mzima. Marekani wana dakika. Kwa hiyo jua likikaribia, tangaza CQ NA, yaani Amerika Kaskazini peke yake, na ushikilie neno lako. Watakuwepo Wazungu wa Ulaya wenye ishara kubwa ambao wangekupa mawasiliano kumi kwa muda wa Mmarekani mmoja. Waache. Daftari lenye majina mengi linapendeza, nakubali, lakini hao kumi watarudi jioni, na huyo mmoja pengine harudi tena hadi Januari ijayo. Halikadhalika saa 6 usiku mpisheni Mjapani kwa CQ JA, kwani jua lake linakuja. Ila Ulaya nao wapeni zamu yao mapema usiku, na muwape kwa ukarimu. Mwenyeji anayewanyima daima walio karibu naye ni dhalimu vilevile.

Mwendo wa Morse uwe wa kadiri. Kasi mnayoweza kuipokea katikati ya radi, itumeni hiyo hiyo. Mtu akiwaita polepole, mjibuni polepole. Huenda ni mzee mwenye mkono unaotetemeka, au ni kijana kama nyinyi. Tajeni alama yenu kila baada ya mtu mmoja au wawili. Na mkitaka kufunga, semeni mnafunga, watu wakalale.

Ikitokea nyinyi ndio mnaotafuta, tuseme mnakitaka kisiwa fulani cha Pasifiki, mambo ni machache. Msimwite mnayemsikia kwa kubahatisha tu. Kwenye intaneti mtaona orodha za nani anasikika wapi, na orodha hizo hukosea alama mara kwa mara. Herufi ziandikeni kwa kuzisikia wenyewe. Tumeni alama nzima, mara moja au mbili, kisha nyamazeni. Akimuuliza mwingine, mikono mbali na kibonyezo. Mkishaingia kwenye daftari lake, ondokeni, msirudi kesho yake kwa kuhofia kwamba hakuwaandika. Na kuna jambo moja ambalo nalikemea waziwazi: kumsikiliza mtu kwa kipokezi cha intaneti kilichoko Uholanzi huku unarusha kutoka Moshi, kisha ukajihesabia kwamba mmewasiliana. Kanuni za cheti cha DXCC zinasema kirushio na kipokezi viwe ndani ya duara la kipenyo cha mita 500. Hata kama kanuni isingekuwepo, sikio lililosikia halikuwa lako.

Vijana wengi mnapenda FT8, nami siipingi. Iliundwa mwaka 2017 na Joe Taylor, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993, pamoja na Steve Franke, na imewapa nafasi watu wenye waya mfupi kwenye kiwanja kidogo cha mjini, ambao kwa Morse wasingefika popote. Ishara zake husomeka hata pale ambapo sikio halisikii chochote. Adabu yake ni nyepesi: saa ya kompyuta iwe sahihi, kwani kila zamu ni sekunde 15 na ukichelewa unaharibu ya mwenzako, usizidishe sauti inayoingia kwenye redio hadi ishara ikatapakaa, na uwepo. Kuiacha kompyuta iite usiku kucha wewe umelala ni kumsalimia mtu kwa mashine. Pamoja na hayo, jifunzeni Morse. Kumsikia mtu wa Osaka kwa masikio yenu wenyewe, akipotea na kurudi, hakuna programu itakayowapa.

Wakorofi wapo. Mtu atakaa juu ya masafa yenu akipiga miluzi. Mwingine, anayejiona polisi, atakuwa akiwakemea waliokosea kwa kutuma UP, UP, UP hadi yeye mwenyewe akawa kelele kubwa kuliko wote. Usiku huo msimjibu yeyote, msimtukane, msimtaje. Anayefanya vurugu anataka ajue kwamba mmemsikia. Sogezeni sikio, endeleeni na kazi, na ikishindikana kabisa hamieni kilohezi 2 pembeni baada ya kupiga hodi. John Devoldere, ON4UN wa Ubelgiji, aliyeandika kitabu kikubwa cha mawasiliano ya mbali kwenye bendi za chini, alishirikiana mwaka 2008 na Mark Demeuleneere, ON4WW, kuandika mwongozo wa adabu ambao umetafsiriwa katika lugha nyingi. Utafuteni. Devoldere alifariki mwaka 2020, na mwongozo wake ungali unawafundisha watu kunyamaza panapostahili.

Yapo mengine yasiyosikika hewani. Radi ikianza kunguruma karibu, chomoeni antena na muitoe nje ya nyumba, hata kama mlikuwa katikati ya mawasiliano mliyoyangoja mwaka mzima. Robo ya wimbi la mita 160 ni mita 40 za waya, na waya wa namna hiyo juu ya minazi unaialika radi nyumbani kwenu. Vaeni hedifoni, mama na wadogo zenu wamelala. Mwaka 1928 Paul Segal wa Marekani aliandika sifa sita za mwanaredio wa ridhaa, na mojawapo ni kwamba redio isiingilie wajibu wake kwa familia, kazi na shule. Kijana anayekesha kila usiku kisha akasinzia darasani ameivunja adabu hiyo hata kama Morse yake ni safi. Na msikubali kamwe kuchukua malipo kwa mawasiliano, wala kupitisha habari za biashara ya mtu, wala kuficha maana ya ujumbe. Sheria ya kimataifa ya huduma ya ridhaa imekataza, na leseni mliyopewa inasimama juu ya hilo.

La mwisho ni kadi. Yule mtu wa Ohio atawaandikia. Atatuma kadi ya QSL, ya kuthibitisha mawasiliano, kwa posta, au ataithibitisha kwa mtandao, na kwenye daftari lake mahali pa zoni ya 37 patakuwa pakiwasubiri nyinyi. Andikeni kila mawasiliano saa ile ile yalipotokea, kwa UTC, masafa na ripoti kama zilivyokuwa. Ambaye hamkumpata sawasawa msimthibitishe, hata akiomba kwa machozi, aliyepatikana msimcheleweshe. Wageni huja huku na mitambo yao kwa wiki mbili, wakajaza daftari, wakaondoka. Sisi tuliozaliwa hapa ndio tutakaokuwepo Januari zote, na sifa ya 5H na 5Z kwenye bendi hii iko mikononi mwenu. Kadi za mliowasiliana nao zikifika, wajibuni wote.